Magogo ya Pande Mbili za Ruvuma

Nilikuwa na miaka thelathini na minne nilipoacha kufundisha sekondari kwetu Urambo nikaja Morogoro kusoma shahada ya pili. Kwa karibu mwaka mzima niliishi na mistari miwili. Mmoja niliupaka kijani, mwingine rangi ya udongo. Wa kijani ulionyesha magogo ya miti migumu yaliyouzwa nje na Tanzania, mwaka baada ya mwaka. Wa udongo ulionyesha yale ya Msumbiji. Misitu ni ileile, mito na wanyama ni walewale, na watu wa huku na kule husikilizana lugha. Kinachowatenga ni mto Ruvuma na vitabu viwili tofauti vya sheria. Swali langu lilikuwa jepesi kulitamka: nani ameuza nini, na lini ameacha?

Jibu nililolipata lilinifurahisha. Mstari wetu ulipanda, ukafika kileleni, kisha ukaanguka kama jiwe baada ya serikali kuzuia magogo yasitoke nchini bila kuchanwa. Wa jirani uliendelea kupanda kwa miaka kadhaa, nao ukashuka baadaye, walipoweka katazo lao. Niliandika sentensi moja ambayo niliipenda kuliko zote: Tanzania ilifaulu pale Msumbiji ilipochelewa. Niliisoma mara nyingi. Mtu akikaa peke yake na kazi kwa muda mrefu, huanza kuipenda kama mtoto wake, na mtoto wako humwoni makengeza.

Agosti hiyo chuo kilinipa meza kwenye maonyesho ya Nane Nane. Nikachapisha chati yangu kwenye bango kubwa, nikaitundika, nikasimama kando yake na shati lililopigwa pasi. Watu walipita. Wengi walitazama rangi, wakatikisa kichwa kwa heshima, wakaenda kuona ng'ombe. Upande wa pili wa njia kulikuwa na kikundi cha wakulima wa mboga kutoka Mgeta, wamepanga kabichi, karoti na njegere kwa ustadi kiasi cha kukufanya uone haya kununua na kuharibu mpango. Mmoja wao, mama wa makamo aliyevaa sweta nene katika jua lile la Morogoro, akaacha meza yao akaja kusimama mbele ya bango langu. Alisoma kila kitu, hata maandishi madogo ya chini ambayo mimi mwenyewe nilitaraji hayatasomwa na mtu.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye mstari wa kijani. Kisha akaweka kidole pale ulipoanguka.

"Mwalimu, hapa magogo yaliisha?"

Nikamweleza habari za katazo. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Uliyapima magogo, au ulipima karatasi?"

"Karatasi, mama. Ni takwimu za forodha."

"Basi andika hivyo. Andika kwamba karatasi za magogo ziliisha."

Sikupenda. Mwenzangu wa meza ya jirani alikuwa anasikia, na nilimwona akiinamisha uso kuficha kicheko. Nikamuuliza yule mama, kwa sauti ambayo leo naionea aibu, hayo ameyasikia wapi. Hakukasirika. Alinieleza taratibu, kwa ile lafudhi ya milimani inayoburuta mwisho wa neno, kwamba gogo likikatazwa kusafiri likiwa mviringo, watu hulipitisha kwenye msumeno pande nne tu, likawa boriti nene yenye pembe, na tangu siku hiyo kwenye karatasi halikuwa gogo tena. Lilikuwa mbao. Meli ni ileile, mti ni uleule. Mstari wangu ungeanguka hata kama msituni shoka lisingepumzika siku moja.

"Nilikuwa mpimaji wa magogo bandarini," akasema. Wateja walikuwa wamefika kwenye kabichi zao, akavuka njia akarudi kuwahudumia.

Kesho yake asubuhi nilifungua tena majedwali yangu. Safu ya mbao zilizochanwa nilikuwa nayo siku zote. Niliiacha pembeni kwa sababu kichwa cha tasnifu yangu kilisema magogo. Niliichora sasa juu ya ile ya magogo. Pale mstari wa kijani ulipoanguka, huu mpya uliinuka. Haukuinuka kwa kiasi kilekile, lakini uliinuka kiasi cha kutosha kunifanya nitoke nje nikanawe uso. Sentensi yangu niliyoipenda ilikuwa imebaki bila miguu.

Nilimpelekea msimamizi wangu habari hizo nikidhani atanihurumia. Alitazama chati mbili, akavua miwani, akaniuliza: "Na huyo mama umemwachaje aondoke?"

Ndiyo maana wiki iliyofuata nilipanda Mgeta. Nilifika Sangasanga kwa gari, nikapata lori lililokuwa limeshusha mboga mjini na linarudi tupu, nikapanda mbele na dereva. Barabara inapinda kila dakika, na kila inapopinda baridi inaongezeka. Pale sokoni Nyandira sikuwa na jina la kuulizia. Nikasema namtafuta mama mmoja aliyewahi kufanya kazi ya magogo. Muuza karoti akanionyesha kwa kidevu matuta ya upande wa pili wa bonde. "Yule wa kupimapima," akasema. "Hata mfereji wa maji alitupimia yeye."

Nilimkuta shambani, ameinama kwenye tuta la karoti. Shamba lenyewe lilikuwa limechongwa ngazi ngazi kwenye mteremko mkali hivi kwamba aliyesimama tuta la juu angeweza kukutua mzigo kichwani. Aliponiona hakushangaa. Alinipeleka nyumbani, akanipa maji ya kunawa, ugali, maharage na kabichi, akauliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia ni Mnyamwezi akacheka kwa mara ya kwanza, kwa kuwa watu wetu na Waluguru ni watani. Akasema alijua tu, ni mtani pekee anayeweza kutundika uongo barabarani na kuupaka rangi.

Baada ya kula alinihadithia maisha yake. Alishuka milimani akiwa msichana, akaenda Lindi kwa shangazi yake, akapata kazi ya kuandika orodha kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Mpimaji wa pale akaugua, magogo yakarundikana, na mwenye kiwanda hakuwa na mtu mwingine anayejua hesabu. Akampa futi ya kamba na viatu vya mpira, akidhani ni kwa siku mbili. Wanaume wa pale walimjaribu. Walipanga magogo makubwa kwa juu ili asiweze kupanda, wakakaa kivulini kumtazama. Siku ya kwanza alipanda akaanguka, akachubuka goti. Siku ya pili alikuja na kamba ya katani yenye vifundo, akaifunga kwenye gogo la juu, akapanda. Hakuwaambia neno. Baada ya mwezi walikuwa wanamwita wenyewe kila palipokuwa na ubishi juu ya ukubwa wa gogo, kwa kuwa hakuwa na rafiki wala adui mbele ya futi ya kamba.

Kutoka hapo alichukuliwa na kampuni moja ya usafirishaji Mtwara, ambayo siku hizi haipo. Huko ndiko alikopima kwa miaka mingi: mninga, mkongo, mvule, mpangapanga. Aliweza kuutambua mti kwa kukwangua kidogo na kisu na kunusa. Nilimsikiliza nikihisi kitu ambacho sikuwahi kukihisi nikisoma vitabu vya fani yangu. Nilikuwa nimeandika kurasa mia juu ya magogo, na sikuwahi hata mara moja kupanda juu ya gogo.

Nadhani aliliona hilo usoni mwangu, maana alisimama akanipeleka nyuma ya nyumba palipokuwa na mkaratasi mmoja ulioangushwa kwa ajili ya nguzo. Akanipa futi ya kamba, akaniambia nipime. Nilipima kwa makini, nikafanya hesabu kwenye simu, nikamtajia. Akapima yeye, akataja namba ndogo zaidi. Nilikuwa nimezungusha kamba karibu na shina, mahali penye unene, tena juu ya gome.

"Muuzaji angekupenda sana," akasema.

Akanionyesha pa kupima: katikati ya urefu, gome likiwa limetolewa au limepunguzwa kwenye hesabu, na tundu la moyoni likiwa limeondolewa. Kisha akasema jambo ambalo nimelifundisha kila mwaka tangu nianze kufundisha chuoni. Kila namba kwenye jedwali langu, alisema, mwanzo wake ni mtu aliyesimama juu ya gogo na kamba mkononi, kuna jua au kuna mvua, na kuna mtu pembeni anayetaka namba iwe kubwa na mwingine anayetaka iwe ndogo. Ukilijua hilo, utazisoma namba kwa adabu.

Tuliporudi kuketi nilitoa chati yangu kwenye mkoba. Nilitaka anieleze kile kilele, ule mwaka mmoja kabla ya mstari kuanguka, ambapo magogo yetu yaliruka ghafla yakapita ya Msumbiji. Katika tasnifu nilikuwa nimeandika kwamba wafanyabiashara walikimbilia kuuza kabla mlango haujafungwa. Akasema hiyo ni sehemu ya ukweli. Sehemu nyingine aliiona kwa macho.

Yalikuja magogo uwanjani kwao, rundo refu la mpangapanga na mkongo, na karatasi zake zilisema yamekatwa kwetu, upande wa huku wa mto. Yeye alipozunguka kupima aliona alama za nyundo kwenye vichwa vya magogo. Kila gogo linalotoka msituni kihalali hugongwa nyundo yenye muhuri, na mihuri yetu alikuwa anaijua kama anavyojua sura za watoto wake. Ile haikuwa yetu. Ilikuwa ya ng'ambo ya Ruvuma. Magogo yale yalikuwa ya Msumbiji, yamevuka na kupewa uraia njiani. Akaandika kwenye karatasi yake ya vipimo: asili, Msumbiji. Mkubwa wake wa kazi akamrudishia, akamtaka aandike upya. Akamjibu kwamba yeye huandika alichokiona, na kama kuna mtu aliyeona kingine basi aandike huyo na atie sahihi yake. Hawakumfukuza. Walimtoa uwanjani wakamweka getini kufungua na kufunga, na karatasi ikaandikwa na mtu mwingine. Alikaa getini mwaka mmoja na miezi. Mama yake alipofariki, ukoo ulimwita, kwani Uluguruni ardhi hupitia kwa mama, akapewa matuta yale niliyoyaona, akavua viatu vya mpira akapanda mlima.

Alilisimulia hilo bila uchungu. Aliyekuwa na uchungu ni mimi, na pia, nikiri, nilikuwa na tamaa. Nilikuwa nimeketi mbele ya mtu aliyeliona rundo lile. Nikamwuliza lilikuwa la mita za ujazo ngapi. Nikamwambia akinipa namba hata ya kukisia, nitaitoa kwetu na kuiongeza kwa jirani, na kilele kitanyooka.

Aliikunja ile chati akanirudishia. Mjukuu aliyekuwa anapepeta maharage ukumbini akaacha kupepeta.

"Sikupi," akasema. "Siikumbuki. Nikikupa namba leo, nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha yule aliyeandika badala yangu."

Nilishuka mlima na mfuko wa karoti na njegere, bila namba.

Kazi iliyofuata ilinichukua miezi minane zaidi ya muda niliopewa. Mke wangu alikuwa Urambo na watoto wawili na shamba la karanga, na msimu ule alililima peke yake. Nilimpigia kumweleza kwamba nilichokiandika ni kibovu na lazima nianze upya. Aliniuliza swali moja tu, kama safari hii kitakuwa kweli. Nikamwambia kitakuwa kweli zaidi. Akasema basi nimalizie hukohuko nisirudi na nusu.

Nilikusanya takwimu za magogo na boriti na mbao za nchi zote mbili, nikazirudisha zote katika kipimo kimoja. Nilitafuta pia rekodi za nchi wanunuzi, nione wao wanasema wamepokea nini, na mara nyingi kilichopokelewa hakikulingana na kilichotumwa. Polepole mistari miwili ikabadilika sura mbele yangu. Wa kijani haukuanguka tena kama jiwe. Uliteremka kama mtu anayeshuka Uluguru, ngazi kwa ngazi, mara akipanda kidogo. Wa udongo nao, miaka kadhaa baadaye, ulipita njia ileile. Katazo la magogo, kisha kupanda kwa mbao, kisha kubanwa kwa mbao. Nilipoiweka sambamba niliona ndugu wawili waliojikwaa kwenye kisiki kimoja, mmoja akitangulia, na kila mmoja akainuka kwa nguvu zake. Katazo halikuwa kazi bure. Lilisaidia, huku na kule, polepole kuliko tulivyojisifu. Nilipata heshima mpya kwa jirani, ambaye alifanya uamuzi mgumu wakati wanunuzi walikuwa wengi zaidi na wenye haraka zaidi kuliko walivyokuwa wakati wa zamu yetu. Ile sentensi yangu niliifuta.

Ule mwaka wa kilele niliuacha wazi. Mstari wa kijani ulifika pale ukakatika, ukaanza tena mwaka uliofuata. Chini yake niliandika kwamba magogo ya mwaka huo yamechanganyika asili yake na hakuna ushahidi wa kuyatenganisha.

Utetezi wa tasnifu ulifanyika katika ukumbi mdogo wa chuo, Mazimbu. Nilikuwa nimempelekea yule mama ujumbe bila kutarajia kuwa atakuja, maana ilikuwa siku ya soko kwao. Alikuja. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, amevaa kitenge kipya na sweta lake, mikono juu ya mapaja, akasikiliza kila swali.

Mtahini wa nje alikuwa mtu mkali na mwenye haki. Alifika kwenye chati akasimama. Akauliza kwa nini nimeacha tundu katikati ya mstari wakati kuna njia za kukadiria. Mwanafunzi yeyote wa takwimu angeweza kuchukua mwaka wa kabla na wa baada akagawanya. Nikajibu kwamba kukadiria kungeonyesha mstari mzima, na msomaji angedhani tunajua. Akasema sayansi hukadiria kila siku. Nikasema ni kweli, na kwamba hapa tatizo si kukosekana kwa namba. Namba ipo, ila ni ya uongo, na sijui ni ya uongo kwa kiasi gani.

Mwenyekiti wa jopo alikuwa amesoma kwenye ukurasa wa shukrani kwamba yupo mpimaji wa zamani. Akauliza kama mtu huyo yuko ukumbini, na kama ana la kusema. Yule mama akasimama. Waliokuwa mbele wakageuka.

"Rundo nalikumbuka," akasema. "Alama nazikumbuka. Idadi siikumbuki, na aliyeniuliza nilimwambia hivyohivyo."

Akaketi.

Nimewasikia wasomi wengi wakisema sijui, kwa kawaida baada ya maneno mengi ya kulifunika. Sikuwahi kulisikia likisemwa hivyo, limesimama wima. Mtahini aliandika kitu kwenye daftari lake, kisha akaendelea na ukurasa uliofuata, na sauti yake ilikuwa imelainika. Nilifaulu kwa masharti ya masahihisho. Moja ya masahihisho hayo ni kwamba niongeze sehemu nzima kuhusu jinsi vipimo vya magogo vinavyofanyika uwanjani, na mtahini akaandika kwa kalamu pembeni kwamba nimwulize anayejua.

Nje ya ukumbi mtahini huyohuyo alimfuata yule mama, akamwamkia kwa heshima, wakazungumza kwa muda mrefu juu ya mkongo. Nilisimama mbali kidogo. Niliwaona wakibishana kuhusu harufu yake ukiwa mbichi, na mtahini akakubali kushindwa.

Sasa mimi ni mwalimu chuoni hapa, familia yangu imehamia Morogoro, na kila mwaka, kabla wanafunzi hawajaruhusiwa kugusa takwimu yoyote ya biashara ya magogo, tunakwenda siku moja kwenye uwanja wa kupasua mbao karibu na Mikese. Yule mama hushuka kutuongoza. Alipoombwa mara ya kwanza aliuliza nauli tu, na ruhusa ya kuja na wasichana wawili wa sekondari ya kwao wanaopenda hesabu. Siku hizi anakuja nao wanne. Amezeeka kidogo na hapandi tena juu ya marundo, lakini akiinua kidole kuonyesha mahali pa kupitisha kamba, wanafunzi wa chuo kikuu huacha simu zao.

Mwaka huu tulikuta mninga mkubwa wenye tundu moyoni. Makundi mawili yalipima, yakapata majibu mawili, na ubishi ukawa mkali. Walikuja kwake awaamue. Akawaambia wabadilishane kamba na wapime tena, kila kundi likitazamwa na jingine, kisha akaketi kwenye ubao uliokuwa kivulini, akatoa chungwa mfukoni, akaanza kulimenya.